Bi Leoleo Anastaafu, na Mkono Mmoja Bado Haujachomwa

Ijumaa, tarehe ishirini na nane Juni. Naahidi kusimulia yote, pamoja na yale niliyoombwa niyaruke.

Leo mkunga mkuu wa kliniki hii, anayejulikana na kila mtu kwa jina la Bi Leoleo, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Jioni atavua koti jeupe, na akishalivua hataruhusiwa tena kumchoma mtu sindano. Wengi wataona hiyo ni nafuu. Lakini kuna mkono mmoja ambao bado haujachomwa, na huo nitaufikia.

Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na mfanyakazi. Bahati mbaya, mfanyakazi wa mwisho kupewa kazi hiyo alikuwa mhasibu, mlinzi alipostaafu, na wasifu mzima ulikuwa sentensi tatu, moja ikihusu kodi. Mlinzi alilia, na si kwa furaha. Safari hii wakunga walikaa kikao, wakatazamana, kila mmoja akakumbuka kwamba ana mgonjwa, na kazi ikaniangukia mimi, binti wa mkunga mkuu msaidizi; kila siku nikitoka shule hufanyia kazi zangu za masomo kwenye chumba cha kuchemshia vifaa. Mwalimu wetu wa Kiswahili anatufundisha kwamba anayesifiwa asifiwe kwa matendo yake, si kwa maneno matamu. Kwa hiyo nimekusanya matendo. Mengine hayana utamu wowote.

Bi Leoleo alipoajiriwa alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vilivyompwaya. Wiki ya kwanza alipewa kazi ya kukunja mashuka, kwa kuwa mkunga mkuu wa enzi hizo hakumwamini kushika kitu chenye ncha. Siku moja ya wiki hiyo, alipokuwa amebeba mashuka, mama mmoja alianza kujifungua kwenye benchi la mapokezi, kati ya mtu aliyekuwa analipa na mtu aliyekuwa anasubiri chenji. Bi Leoleo alitandika mashuka palepale, akawaambia hao wawili wageuke watazame ukuta, na alipowaruhusu kugeuka tayari kulikuwa na mtu wa tatu, analia. Mtoto yule ndiye dereva wetu wa gari la wagonjwa. Akiendesha kwa kasi, Bi Leoleo humkumbusha kwamba hata siku ile alikuwa na haraka zisizo na sababu.

Jina la Bi Leoleo hakuzaliwa nalo. Alipewa na wajawazito, na hawakumpa kwa mapenzi. Mama akimwambia, "Sista, nitakuja kesho," yeye anajibu, "Leo leo." Mama akisema ana nguo kwenye maji, "Leo leo, nguo hazitazama." Akisema lazima kwanza amuulize mume wake, "Mwite. Leo leo." Kuna aliyesema mume yuko safarini mbali, na Bi Leoleo akampigia simu mume huyo, ambaye simu yake ililia nje ya dirisha, kwenye kivuli cha ukuta wetu.

Sasa nije kwenye chanjo ya mafua, ambayo ndiyo iliyomtia wazimu, kwa maneno ya mhudumu wetu wa usafi, naye amemjua kuliko sisi wote. Ilipoletwa kwa ajili ya wajawazito, hakuna aliyeitaka. Watu waliiogopa malaria, waliuogopa upungufu wa damu, lakini mafua waliyacheka. "Mafua tu, Sista?" walisema. "Si nitakunywa chai ya tangawizi?" Bi Leoleo hakugombana na tangawizi. Alikaa kwenye kiti chake, kile kizuri chenye mto ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia, akauliza swali moja tu: umesikia nini? Kisha akanyamaza. Watu hawawezi kuvumilia kunyamaza kwake. Wanasema yote.

Nimeyasikia mengi kupitia ukuta wa chumba cha kuchemshia vifaa. Kwamba sindano hiyo humfanya mtoto azaliwe akipiga chafya. Kwamba inampa mama mafua yenyewe. Kwamba inapoza maziwa. Bi Leoleo husikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na najua kwamba kutocheka kunamgharimu, maana baadaye huja upande wetu akacheka mpaka anashika meza. Kisha anarudi kueleza kwa upole: haina kirusi kilicho hai, kwa hiyo haiwezi kukupa mafua. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine utapata homa ndogo, na utakuwa na sababu nzuri ya kutofua. Mtoto akiwa chini ya miezi sita hachanjwi mafua, ni mdogo mno. Kinga yake anaipata akiwa bado tumboni, kutoka kwa mama. "Mnachomwa mmoja, mnafaidi wawili," huwaambia. "Nitajie duka linalouza hivyo."

Mama wakwe walikuwa shughuli nyingine. Wakunga wengine waliwaacha nje, wakalaumiwa huko huko nje. Bi Leoleo aliwaingiza ndani na kuwapa kiti. Mmoja alikuja na mkwe wake, akakaa, akapachika mkoba mapajani, na kutangaza, "Sisi tulizaa saba bila hizo sindano zenu za mafua."

"Ni kweli, mama," Bi Leoleo akamjibu. "Na mlizaa bila umeme pia. Niuzime?"

"Uzime! Unanitisha na taa?"

Chumba cha sindano hakina dirisha. Bi Leoleo alizima. Kilisikika kishindo, kisha sauti ya mama mkwe aliyejigonga mguu kwenye kistuli. "Washa, wewe mwanamke! Washa bwana!" Taa ilipowaka, mkwe alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na alikuwa ameshapandisha mkono wa gauni mwenyewe. Mama mkwe alisugua ugoko wake, akasema, "Haya, mchome. Lakini kwa taa." Hadi leo yule bibi analeta wakwe wengine, na kila mara anaangalia kwanza swichi iko wapi.

Waume nao. Niliombwa niwaruke, lakini nimeahidi. Seremala mmoja, mtu mrefu mwenye mabega, alisimama nyuma ya mke wake ili amtie moyo. Sindano ilipotoka kwenye karatasi yake, mke alinyoosha mkono na seremala akaanguka kama mlango, tena mlangoni, na watu waliokuwa kwenye foleni wakalazimika kumruka. Mke alichomwa, akateremka, naye akamruka, akaenda kununua maji. Seremala alipozinduka, Bi Leoleo alikuwa anampepea kwa faili. "Pole, shemeji," alimwambia. "Wewe leo hatukuchomi." Wiki iliyofuata seremala alituletea benchi la mbao, imara, lenye sehemu ya kuegemea. Ndipo wanapokaa waume wote mpaka leo, na hakuna anayeruhusiwa kumtia mtu moyo akiwa amesimama.

Isidhaniwe kwamba Bi Leoleo hakosei. Alikuwa akijivunia kwamba anamjua mjamzito kwa mwendo, hata kwa nyuma, hata kabla mwenyewe hajajua. Mara nyingi alipatia. Lakini mwaka juzi alimwona mwanamke anapita koridoni taratibu, mkono mmoja kiunoni, anapumua kwa mdomo. Akamshika kiwiko, akamwingiza ndani, akamkalisha, akamnyanyulia miguu, akamuuliza mara ya mwisho aliona siku zake lini. Mwanamke yule alikuwa mkaguzi kutoka makao makuu, ambaye alikuwa amekula mchana zaidi ya ilivyompasa na alikuwa anatafuta choo. Wakunga waliokuwa mlangoni walitamani ardhi ipasuke. Bi Leoleo alifikiri kidogo, akasema, "Samahani sana, mheshimiwa. Lakini mafua hayachagui wenye mimba. Madhali umeshakaa?"  Mkaguzi akakunja mkono wa shati lake. Katika ripoti aliandika kwamba huduma ya kliniki hii ni ya haraka kupita kiasi, na uongozi haujui mpaka leo kama tulisifiwa au tulikaripiwa.

Yapo na madogo. Hunywa chai ya yeyote aliyeiacha mezani. Huimba akiwa anaandaa vifaa, na wajawazito wawili wamewahi kuuliza kama kuna mtu anayeumia. Kompyuta ya mapokezi anaiita wifi, kwa sababu inamnunia bila kumwambia kosa lake. Na ana kanuni moja ambayo hajawahi kuivunja: hamchomi mtu aliyesema hapana. Anaweza kumfuata mpaka sokoni, anaweza kukaa naye kwenye mafungu ya vitunguu akajibu maswali yake yote, lakini mtu asipokubali kwa mdomo wake mwenyewe, sindano haitoki. Huwaambia wakunga wanafunzi kwamba mkono uliolazimishwa hauletwi mara ya pili.

Hapa naomba niwe makini kidogo, halafu tutaendelea.

Mama yangu mdogo, mdogo wake mama, ni msusi. Msimu wa baridi mwaka juzi alikuwa mjamzito, na alisema hapana. Alisema wateja wake wote wanapiga chafya na yeye hajawahi kuugua. Bi Leoleo alimfuata saluni mara kadhaa, akasukwa nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa, na jibu lilibaki hapana. Kisha mama mdogo alipata mafua, na hayakuwa mafua tu. Aliletwa hapa akiwa hawezi kumaliza sentensi. Niliona midomo yake, na ilikuwa na rangi ambayo midomo haipaswi kuwa nayo. Alilazwa, akawekewa barakoa ya oksijeni, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba kofia ya soksi ilimtosha. Zamu ya Bi Leoleo ilikwisha lakini hakuondoka. Mama mdogo alipojaribu kuomba msamaha kupitia ile barakoa, Bi Leoleo alimwambia, "Nyamaza. Tupumue kwanza, tutagombana baadaye."

Walipona wote wawili. Na kweli walikuja kugombana, mtoto alipoanza kunenepa, mbele ya wodi nzima, kwa sauti, mpaka wote wawili wakacheka. Siku hizi anayeingia saluni kwa mama mdogo akiwa na tumbo hatoki bila kuulizwa kuhusu chanjo, na hawezi kukimbia, kwa sababu nusu ya kichwa chake haijasukwa.

Sasa nimefika kwenye mkono.

Mama yangu, mkunga mkuu msaidizi, ana mimba ya miezi sita. Si siri; Bi Leoleo aliijua kabla ya baba, kwa kumtazama mama akipanda ngazi, na hapo alipatia. Nilipoanza kukusanya habari za wasifu huu, nilitaka kisa kizuri cha kumalizia: Bi Leoleo akimchoma msaidizi wake mwenyewe. Nikaenda kuuliza ilikuwaje.

Sista wa chumba cha sindano alisema, "Mimi nimchome mama yako? Bosi wangu? Nani atathubutu! Muulize Bi Leoleo." Mhudumu wa usafi alisema aliona kwa macho yake mwenyewe, kisha akakumbuka kwamba aliyemwona ni mke wa mhasibu. Bi Leoleo nilimkuta anakunywa chai ya daktari. "Mama yako ndiye anayeshika ufunguo wa friji ya chanjo, mwanangu," alisema. "Huyo atakuwa alijichoma zamani. Hata hatukuhitaji kumuuliza."

Nilimuuliza mama jioni, jikoni. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho. "Wagonjwa kwanza," alisema. "Wakiisha, na mimi nitachomwa."

Lakini wajawazito hawamaliziki. Ndiyo maana kuna kliniki.

Na kwa kuwa nimeahidi yote: mama yangu anaogopa sindano. Sindano akiishika yeye hana wasiwasi, wanawake husema mkono wake ni mwepesi kuliko wa mtu yeyote. Anaogopa ile inayoelekezwa kwake. Alipotolewa damu mara ya mwisho alinibana vidole mpaka kesho yake nikashindwa kushika kalamu, na aliniomba nimtajie mito yote tuliyofundishwa, pamoja na inakoanzia.

Nilipomrudishia Bi Leoleo habari hii, alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. "Kliniki nzima hii," alisema polepole. "Kila mkunga anadhani mwenzake kamchoma, na hakuna aliyemchoma. Nimewafuata wa mtaa wa pili mpaka kwenye vitunguu, nikamruka wa chumbani mwangu." Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Halafu akainuka kwenda kumtafuta.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mama alikuwa anazalisha. Jumanne, boksi la baridi la kuwekea chanjo lilipofunguliwa, alikuwa anazalisha tena; watoto wa mtaa huu wamekuwa na huruma sana na mama yangu. Jumatano hakukuwa na uzazi wowote, kwa hiyo alikwenda kukagua tangi la maji, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aajiriwe. Jana walikutana mlangoni, tumbo kwa tumbo, maana Bi Leoleo naye ana la kwake.

"Dada, kesho," mama alisema. "Kesho nakuahidi. Sijasema sitaki."

"Najua," Bi Leoleo akamjibu. "Ungesema hutaki, tungekaa tukaongea. Hujasema kitu, ndiyo maana silali."

Na mtu aliyewafuata waume nyuma ya ukuta, aliyemkalisha mkaguzi, aliyemzimia taa mama mkwe, alimpisha mama yangu apite, kwa sababu hakuwa amekubali.

Msidhani nayaandika haya ili kumcheka mama. Darasani kwetu safu nzima ya dirishani inakohoa. Jirani yangu wa dawati hajaja shuleni wiki hii, na Ijumaa iliyopita alinipigia chafya kwenye kitabu cha hesabu. Nyumbani tunalala chumba kimoja, mama na mimi, baba anapokuwa kwenye kazi za mbali. Mimi ndiye ninayetoka kwenye kile kikohozi na kuja kulala karibu na lile tumbo. Nanawa mikono mpaka sabuni imekuwa nyembamba kama kadi. Lakini pumzi siwezi kuinawa. Usiku wa jana mtoto alipiga teke, mama akauchukua mkono wangu akauweka pale, nikageuza uso upande wa ukuta ili nisimpumulie.

Kwa hiyo nimefanya kama nilivyofundishwa, kwamba jambo likikushinda kulisema, liandike vizuri. Programu hii ya sherehe, yenye wasifu huu, imewekwa juu ya kila kiti. Mama hakuisoma kabla. Aliambiwa ni siri ya kumshtukiza mstaafu, na kwa sehemu ni kweli. Kiti chake nimekichagua mimi: safu ya mbele, katikati, kati ya wageni wawili wasioweza kusimama upesi. Boksi la baridi liko chini ya meza ya keki. Tafadhali lisifunguliwe kwa kudhani lina soda. Sista wa chumba cha sindano anajua, daktari anajua, na koridoni hakuna mama yeyote aliye na uchungu, nimekwenda kuangalia.

Shangazi, maana ndivyo ninavyokuita ingawa hatuna damu moja, wafanyakazi wote wameniagiza nikushukuru, na wengine walishindwa kumaliza kuniagiza. Asante kwa kila uliyempokea akiwa bado ana utelezi na hasira. Asante kwa mama mdogo na mwanawe. Asante kwa kutusubiri tuseme ndiyo. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na kengele, viatu vinavyokutosha, kikombe cha chai ambacho ni chako kweli, na majirani wenye subira siku utakapoanza kuimba. Njoo ututembelee. Kiti chenye mto tutakigombania, lakini ukiingia tutainuka.

Ila koti bado liko mwilini mwako, na kazi yako haijaisha mpaka sherehe iishe.

Mama, hakuna atakayekulazimisha. Ukisema hapana, watu watapiga makofi, tutakata keki, na nitaendelea kulala nimeutazama ukuta. Lakini ukisema ndiyo, ni hatua chache tu kutoka hapo ulipokaa, na mkono wako ule mwingine nitaushika mimi, ubane unavyotaka, mtihani wangu ni wiki ijayo. Nimesimama karibu na meza. Ninaomba jibu sasa hivi, kabla ya hotuba inayofuata: unakuja?